Hesabu na Ghaibu

Kijana wa Kikima, katika vilima vya Mbooni, aingiapo chuo kikuu kusoma misingi ya uchanganuzi wa takwimu za biashara, hufundishwa kwanza kupanga mauzo yaliyopita katika safu na mistari, kisha kutafuta wastani, na hatimaye kukadiria yajayo. Na hapo ndipo swali la kale humkabili: je, akadiriaye ya kesho huingilia elimu ya ghaibu, iliyo ya Mwenyezi Mungu peke yake?

Kwa itikadi yangu, la. Mama auzaye parachichi, akijua kwamba siku ya soko wanunuzi huzidi, naye hukadiria, wala hakufuru, maana hutumia akili aliyojaaliwa. Dhambi huanza pale dhana ifanywapo yakini. Mkopeshaji akimnyima mama huyo mkopo kwa kuwa programu imemhukumu kwa nyendo za simu yake tu, amemdhulumu. Na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka kanuni kwamba mtu asikatiwe shauri zito na mashine pekee. Basi kijana na asome hesabu kwa bidii, lakini aiambatanishe na insafu, kwani idadi hueleza waja walivyotenda, wala haina mamlaka ya kuwahukumu watakavyokuwa.