Akisema "Haina Shida", Je, Deni Limefutika?



Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa pili wa falsafa tulipewa kazi ya kikundi. Dada mmoja tuliyesoma naye ndiye aliyegundua kwamba hoja yetu ilikuwa na tundu katikati, akakesha nayo mpaka akaliziba. Siku ya kuwasilisha nikasimama mimi, eti kwa sababu nina sauti. Mwalimu akanisifu sana, nami nikazipokea zile sifa bila kumtaja mtu. Baadaye nikamfuata dada kumwomba msamaha. Akacheka: "Haina shida, kaka." Kusema ukweli nilishusha pumzi, nikaona yamekwisha.

Lakini yamekwisha kweli? Aliyedhulumiwa akisema haina shida, dhuluma inafutika?

Swali hili lilinirudia niliposoma habari za Jocelyn Bell Burnell, mwanafizikia aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943. Alipokuwa akisoma Glasgow, wanaume darasani walikuwa na kawaida ya kupiga miluzi na kugonga madawati kila mwanamke akiingia, na kwenye kozi yake alikuwa mwanamke peke yake. Akaenda Cambridge kwa shahada ya uzamivu. Huko, yeye na wenzake wakatumia miaka miwili kujenga darubini ya redio: nguzo zaidi ya 1,000 na nyaya zake, uwanjani, kwa mikono. Ilipoanza kazi mwaka 1967, jukumu lake likawa kusoma karatasi za kurekodia, kama mita 30 kila siku. Kwa macho, jamani, si kwa kompyuta. Humo akaona kialama kidogo kisichofanana na nyota wala na mwingiliano wa mitambo. Msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani ni usumbufu wa binadamu tu. Yeye hakuachia. Mwezi Novemba akayanasa mapigo yenyewe, moja kila sekunde 1.3 hivi, kwa mpangilio kama saa. Zilikuwa palsa, masalia ya nyota kubwa, yanayozunguka kwa kasi.

Waandishi wa habari walipokuja, Hewish aliulizwa sayansi. Yeye aliulizwa ana wapenzi wangapi. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle.

Sasa hapa ndipo pagumu. Mama huyu mwenyewe aliutetea uamuzi ule. Alisema msimamizi ndiye anayebeba lawama utafiti ukishindwa, kwa hiyo ana haki ya kubeba na sifa. Na jina lake halikufichwa: kwenye makala ya 1968 lilikuwa la pili kati ya matano. Hoja hiyo si ya kuipuuza, maana utafiti wa siku hizi ni wa watu wengi. Fabiola Gianotti aliposimama kule CERN mwaka 2012 kutangaza chembe ya Higgs, alikuwa anaongea kwa niaba ya kundi la watafiti wapatao 3,000 kutoka nchi nyingi. Huwezi kukata medali vipande 3,000. Ushirikiano unamdai kila mmoja aachie kidogo jina lake.

Ila ninauliza, kwa nini wanaoachia mara nyingi ni walewale? Angalieni hata vikundi vyetu vya vijana: katibu, msichana, anaandika kila kitu, mwenyekiti, kijana wa kiume, anasoma, tunapiga makofi. Halafu tunamwita dada yule mnyenyekevu. Ni kweli, ni mnyenyekevu. Lakini sisi tunaufaidi unyenyekevu wake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka haki katika nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Nia hiyo inakaa ndani yangu mimi mdaiwa. Haingoji mwenzangu aje kudai. Na tena, dada yule aliweza kusamehe cha kwake tu. Mwalimu naye nilimdanganya. Na wale mabinti wa mwaka wa kwanza waliokaa nyuma wakisikiliza walitoka pale wakiamini kwamba hoja nzito ilitoka kichwani kwa mwanamume. Hao hawakuniambia haina shida.

Bell Burnell naye, nadhani, alilijua hilo. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine, dola milioni 3. Akazitoa zote kusomesha wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yasiyo na watu wengi humo, wakiwemo wanawake na wakimbizi. Dhuluma yake aliisamehe, lakini mlango hakuuacha ulivyokuwa.

Mimi sina dola milioni 3. Nina anwani ya barua pepe ya mwalimu wangu. Ijumaa nilimwandikia, nikalitaja jina la dada na kile alichokifanya usiku ule, na nakala nikampelekea dada mwenyewe. Mwalimu hajajibu. Dada ameandika neno moja: "Asante." Safari hii hakusema haina shida.