Kwa Mwoga Huenda Kicheko, kwa Shujaa Huenda Kilio

Huku kwetu Ikungi methali hii utaisikia zaidi kwa akina mama, na mara nyingi anayeambiwa ni kijana aliyekwisha simama. Anataka kufuata nyayo za wezi wa ng'ombe usiku, au anataka kushuka kwenye shimo la dhahabu ambalo matimba yake yameshaoza. Mama anamtupia methali, kijana anakaa. Mwoga atarudi jioni, atanawa, atakula ugali wa uwele kwa mlenda, na watoto watamrukia mgongoni. Shujaa ataletwa.

Wafafanuzi wengi huishia hapo. Watakwambia wahenga walitaka tuwe na tahadhari, kwamba ujasiri usio na hesabu huzaa maombolezo. Shuleni tulifundishwa hivyo, na si uongo. Lakini kila Julai inapofika na Siku yake ya Mashujaa naisikia methali hii kwa sikio jingine, na ninaamini ndani yake mna deni ambalo lile onyo limelifunika.

Itazame inavyokwenda. Haimsifu shujaa wala haimtukani mwoga. Hao wawili inawapita kabisa, inakwenda majumbani kwao, inasimama mlangoni na kusikiliza. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1963, aliwaletea wasomaji wa Kiswahili wazo la namna nyingine: kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwake, na jasiri hukionja kifo mara moja tu. Ni wazo zito, lakini ni la mtu anayejitazama mwenyewe, anayepima hofu yake na heshima yake. Wahenga wetu waliuliza jambo ambalo Kaisari hakuliuliza. Jasiri akishakionja mara moja, nani anabaki akikionja kila siku? Mkewe anabaki, na mama yake, na mtoto atakayekua akiambiwa ana sura ya mtu asiyemjua.

Miaka 15 baadaye Mwalimu huyo huyo alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam kutangaza vita. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 kaskazini ya Mto Kagera, yakaua watu na kuswaga ng'ombe. Mwalimu alisema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Ilikuwa Novemba 2. Kwa Wakatoliki, nao ni wengi upande wa Makiungu na vijiji vyake, hiyo ndiyo siku ya kuwaombea marehemu wote. Siku ambayo watu walikuwa makaburini wakipalilia na kusali, nchi ilikuwa inaingia katika jambo litakaloongeza makaburi.

Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa hadi zaidi ya 150,000, na wapatao 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Hao ni watu waliokuwa wakicheza gwaride alfajiri kwa bunduki za mti, kisha wanakwenda shamba. Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vichanga, na habari za nani anaitwa zilipita kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na Juni 3 vita vikakoma askari wetu walipofika mpakani na Sudan. Nchi ilishangilia. Kisha ikaambiwa ifunge mkanda miezi 18, na mkanda ule ulifungwa kwa muda mrefu kuliko huo.

Kaka yake baba, niliyefundishwa kumwita baba mkubwa ingawa sikuwahi kumwona, alikuwa mmoja wa mgambo hao. Aliondoka akiacha mke, mtoto wa kunyonya na tembe ambalo upande mmoja lilikuwa halijaezekwa. Hakurudi. Ndugu zake waliumaliza ule upande kabla ya mvua, na matanga yakakaliwa bila mwili, wazee wakishauriana namna ya kumaliza msiba usio na kaburi. Tembe lenyewe lilibomolewa zamani, pakajengwa nyumba ya matofali na bati, lakini chumba cha upande ule mpaka leo kinaitwa "kwa Mgambo". Watoto wanatumwa wakalete debe kwa Mgambo, mgeni analazwa kwa Mgambo. Wengine hutamka tu, hawajui kwamba wanamtaja mtu.

Askari wetu waliokufa katika vita vile walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya jeshi yenye mnara mweupe ulioandikwa majina. Kutoka Ikungi ni kupita Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo, nauli ambayo mjane wa kijijini haikusanyi kirahisi, na akiikusanya kuna ada ya mjukuu inaingoja. Mama mkubwa, mjane wake baba mkubwa, hajafika Kaboya. Kila Novemba 2 hupalilia kaburi la baba mkwe wake, na hapo hapo alipolala baba ndipo humtajia mwana. Namheshimu sana kwa hilo. Amejitengenezea ibada kwa vitu alivyonavyo.

Nilimuuliza siku moja, tukichambua mlenda, kama angetamani mumewe angekuwa mwoga. Alisonya. Akaniambia, "Mwanangu, waoga nao niliwaona. Ndio waliokuja kunilimia."

Jibu lile ndilo lililonifungulia methali. Hakuwasema kwa dharau. Miaka ile wapo waliojificha porini majina yalipotajwa, na wapo walioumwa tumbo ghafla. Walibaki. Msimu wa kilimo ulipofika wakapita kwa mama mkubwa na majembe yao, hawakusema lolote, wakalima, wakanywa togwa, wakaenda zao. Nyumbani kwao kulikuwa na kicheko, nao walijua kicheko kile kimetoka wapi. Mtu mwenye kicheko ana nguvu na ana miguu. Mwenye kilio amekaa chini. Basi nani amwendee mwenzake? Desturi zetu zilishajibu zamani: msiba ukitokea, ni walio wazima wanaotembea. Methali inataja nyumba mbili tu, na mimi naona njia kati ya nyumba hizo, ambayo mwenye kuipita ni yule anayecheka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomtumia mwoga wa methali hii kama kichekesho. Kuogopa kifo ni jambo la kila mwenye watoto, na shujaa naye aliogopa. Asiyeogopa kabisa hana alichotoa. Aibu ya mwoga haipo katika kubaki kwake. Inaanza pale anapocheka mpaka akasahau kwamba jirani yake analia, au pale anapojifanya kwamba amani anayolalia imeota yenyewe kama majani.

Na hapa hatuko salama hata kidogo, maana kusahau hakuhitaji uovu. Sisi Wanyaturu tuna shujaa wa zamani zaidi, Liti, mwanamke aliyewaongoza watu kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20; masimulizi yanasema jeshi lake lilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini Singida uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti, na nilifurahi sana walipoubadili jina, kwa kuwa ni mashujaa wachache wanawake wanaopata hata kichochoro. Lakini nimekaa humo jukwaani, bao likafungwa, watu wakarukaruka, na kijana aliyekuwa pembeni yangu nilipomuuliza Liti ni nani akasema ni mfadhili. Kicheko kilikuwa ndani ya jina la shujaa na hakikumjua mwenyewe. Jina likiachwa peke yake bila masimulizi huwa kibao tu.

Kitaifa, Julai 25, Siku ya Mashujaa, inafanywa kwa utaratibu mzito, kwa miaka mingi Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam na miaka ya karibuni Dodoma pia. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Katika hivyo vyote mimi nalipenda shoka. Mkuki na sime ni vya vitani moja kwa moja, lakini shoka ni chombo cha nyumbani, ndicho kinachochanja kuni za msibani, na anayeliweka ni mtu aliyekwenda akarudi.

Wenzetu Kenya wana siku yao Oktoba 20, iliyopewa jina la Mashujaa na katiba ya mwaka 2010, nao hupumzika. Kwetu Julai 25 si siku ya mapumziko. Ikungi siku hiyo upepo wa kipupwe unavuma, alizeti inapigwa kwa fimbo uani, uwele unapepetwa, na walio na mazao ya kuonyesha wanajiandaa na Nane Nane ya kanda kule Nzuguni. Sioni ubaya wa kuadhimisha mtu akiwa kazini. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefika Kampala na kurudi na mguu mbovu, huweka redio juu ya gunia wakati wa sherehe. Tarumbeta ikilia anasimama na ungo wake mkononi, makapi yanaendelea kupeperuka yenyewe, na wajukuu wameshajua kwamba dakika ile hakuna kumsemesha babu. Ikiisha anaketi, anaendelea kupepeta. Mtu huyu anaposimama pale, mashujaa wa Ikungi wamepata gwaride lao.

Ninachokililia ni kwamba huwa peke yake. Nyumba za jirani zinasikiliza muziki. Na wanaostahili kusimamiwa wanaongezeka, kwa sababu kilio hakikuisha mwaka 1979. Usiku wa Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilivamiwa Semuliki, Kivu Kaskazini, wakauawa zaidi ya askari 10 wa Tanzania kwa mpigo. Wajane wa Semuliki bado ni vijana. Watakuwa na umri wa mama mkubwa wakati sisi tuliosoma habari ile gazetini hatupo, na kama hatujawazoesha watoto wetu kwenda kubisha hodi kwao, hakuna mnara utakaokwenda badala yetu.

Kwa hiyo hapa kitongojini tuliwaomba walimu watupe wanafunzi wachache wenye mwandiko mzuri, wapite nyumba kwa nyumba na daftari kuandika kila aliyekwenda vita vya Kagera, aliyerudi na asiyerudi. Kulikuwa na mabishano. Je, aandikwe yule aliyerudi mzima akaja kufa miaka mingi baadaye, usiku akipiga kelele za kuamrisha watu walale chini? Wazee walisema aandikwe, tena mwanzoni. Je, waandikwe akina mama waliotoa ng'ombe na nafaka? Hilo halikuisha, likaahirishwa.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja ambaye hakuitwa. Kila mtu wa rika lake anajua kwamba yeye alikuwa mmoja wa waliojificha, na kwamba maisha yake yote hajawahi kukaa mbele kwenye mkutano. Alikuja na mkongojo wake, akakalia kigoda karibu na yule binti mwenye daftari, akasema yeye alicheza gwaride na wale vijana mwaka mzima kabla hawajaitwa na anawakumbuka walivyopangwa mstarini. Akaanza kutaja kutoka kulia, jina, la baba yake, kitongoji alichotoka, na nani alikuwa akipenda kuchelewa. Akifika kwa asiyerudi alinyamaza kidogo, binti akajifunza kuweka alama bila kuuliza. Baba mkubwa wangu alikuwa safu ya pili, kasema, mrefu, kofia ikimbana. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Habari ya kofia alikuwa hajawahi kuisikia. Majina mengi yaliyomo katika daftari lile yametoka kwa mzee yule.