Akiba ya Msemaji

Kwetu visiwani mtu haalikwi kuhutubia, hushikwa. Amekwenda khitimani kwa nia ya kusoma juzuu yake na kurudi kwake, mara mwenye shughuli humwinamia akamnong'oneza: "Maalim, tunakuomba utusemee mawili matatu." Naye husimama, na neno lake la kwanza karibu kila mara ni udhuru: niwieni radhi, sikujitayarisha. Udhuru huo tumeuzoea hata hatuusikii tena. Wapo wanaoutoa ilhali karatasi imo mfukoni. Lakini hata anayeusema kwa kweli, anaomba asamehewe nini khasa? Je, ufinyu wa muda hupunguza dhamana ya ulimi?

Tarehe 4 Aprili 1968 Robert Kennedy, seneta aliyekuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, alipanda ndege kutoka Muncie kwenda Indianapolis kwenye mkutano wa kampeni. Kabla ya kuondoka aliambiwa kwamba Martin Luther King amepigwa risasi mjini Memphis. Alipotua akaambiwa amekwishakufa. Mkutano ulikuwa katika mtaa wa watu weusi, na wengi waliokuwa wakimngoja usiku ule walikuwa hawajazipata habari. Polisi walimtahadharisha asiende. Wasaidizi wake walimwandalia mambo ya kusema, hakuyatumia. Alipanda nyuma ya lori, karatasi iliyokunjwa mkononi, akasema kwa muda usiotimia dakika 6.

Muda aliopewa ulikuwa wa safari moja fupi ya ndege na nyingine ya gari. Aliutumiaje? Ukiisikiliza hotuba ile, msomaji mwenzangu, utaona kwamba hakuupoteza katika kutafuta mapambo. Kwanza aliomba mabango ya kampeni yateremshwe. Kisha akaitoa tanzia pale pale, bila ya kuizunguka. Msemaji mwingine, tena mwenye hotuba iliyoandikwa vizuri, angalianza na sifa za marehemu, watu wakashangilia jina la mtu wasiyejua kuwa ni maiti. Hilo ndilo jambo la mwanzo ambalo dakika chache zinatosha kulitayarisha: kujua waliosimama mbele yako wana haki ya kuambiwa nini kabla ya chochote kingine.

Yaliyobaki hayatayarishwi njiani. Kennedy aliwaambia wasikilizaji kwamba naye ameuliwa ndugu, na aliyemuua alikuwa mzungu. Nduguye, Rais John Kennedy, aliuawa Novemba 1963, na yeye hakuwa na desturi ya kulitaja jambo hilo hadharani. Kisha akasoma kwa moyo maneno ya Aeschylus, mshairi wa Kigiriki, kutoka tamthilia ya *Agamemnon*, juu ya maumivu yanayomdondokea mtu moyoni tone kwa tone. Alikuwa ameyapata katika kitabu cha Edith Hamilton, alichokisoma baada ya msiba wake. Miaka minne na zaidi maneno yale yalikuwa yakikaa ndani yake. Usiku ule yalitoka tu.

Kwa hiyo siafikiani na wanaosema kwamba asemaye bila ya karatasi ndiye msema kweli, kwa kuwa kilichomo moyoni ndicho hutoka. Hutoka kilicho karibu. Kwa wengi wetu kilicho karibu ni maneno ya kuazima: pengo lisilozibika, mchango usiosahaulika, na mengineyo ambayo maiti wote wamekwishavishwa kama sanda moja. Mtu huyo hakusema uongo, lakini pia hakusema kitu. Na kosa lake, kama ni kosa, halikufanyika pale aliposhikwa mkono asimame. Lilifanyika zamani, katika miaka aliyoiacha ipite bila ya kuweka akiba.

Sisemi akiba ni vitabu peke yake. Ningekuwa wa mwisho kulisema hilo, mimi niliyejisomesha mwenyewe. Malenga wetu anayejibizana papo kwa papo hana daftari, ila mizani na vina vimemkaa kifuani tangu utotoni. King mwenyewe, usiku wa kuamkia siku aliyouawa, hakukusudia kwenda mkutanoni Memphis. Alikuwa hajisikii vizuri, akamtuma Ralph Abernathy. Abernathy alipoona watu wanamtaka King akampigia simu. Akaja, akasema bila ya hotuba iliyoandikwa. Nyuma yake palikuwa na miaka mingi ya mimbari.

Limebaki jambo ambalo mfasiri hawezi kulipita. Kumbukumbu ya Kennedy haikuwa kamili. Kwa Hamilton hekima humjia mtu bila ya yeye mwenyewe kutaka. Kennedy, kwa kubadili neno moja tu, alisema inamjia katika kukata tamaa. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti. Angalikuwa na kitabu mkononi asingaliteleza. Mimi katika kazi ya tafsiri ningelisahihisha neno hilo mara moja, na ningekuwa na haki. Hata hivyo sina hakika kama mtu aliyepita alimopita yeye alikuwa amelisahau neno la kitabu, au alikuwa ameligeuza zamani bila ya kujua, likawa lake.

Yeye naye alipigwa risasi Juni 1968, akafa. Katika kumbukumbu ya mawe iliyojengwa kaburini kwake, Arlington, walichonga maneno ya Aeschylus kama alivyoyasema yeye, na kosa lake limo.