Mwanagenzi na Usukani

Hakuna nahodha aliyezaliwa nahodha. Hata yule anayeijua miamba ya pwani yake kama ajuavyo vyumba vya nyumba yake, ilikuwapo siku moja alipoushika usukani kwa mara ya kwanza, naye hajui kuuongoza. Na siku hiyo, kama hakuwa peke yake, walikuwamo watu chomboni ambao uhai wao uliwekwa katika mikono isiyojua. Jambo hili ni la kawaida mno hata hatuliulizi. Mimi nalo lilinipita miaka mingi, mpaka nilipoingia katika uanagenzi wa ngalawa nikiwa mtu wa makamo, ndipo liliponishika: asiyejua ana haki gani ya kuongoza chombo chenye watu? Na kama hana haki, nahodha wa kesho atatoka wapi?

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na katika kazi hiyo maneno ya baharini yamekuwa mali yangu ya siku nyingi. Nimewaeleza wanafunzi tofauti ya omo na tezi, mlingoti na foromali, joshi na demani. Demani hasa nimeipenda, kwa kuwa ni neno lenye nyumba tatu: ni kamba ya kuzuilia pembe ya tanga; ni upande wa chombo ulio mbali na upepo; tena ni majira ya mwaka, kusi inapoelekea kwisha. Nimelieleza mara nyingi mbele ya ubao, chaki mkononi, wala hapana mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kama nimepata kuishika kamba hiyo.

Basi nilimwendea mzee mmoja, mvuvi wa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, nikamwamkia, nikamwomba anifundishe. Nilidhani tutaanza na tanga. Tulianza na upo. Jumamosi tatu kazi yangu ilikuwa kukumba maji yaliyoingia chomboni, kubeba nanga, na kukaa kimya. Kwanza aliniuliza kama najua kuogelea, na nilipojibu kuwa najua kidogo, alisema bahari haina kidogo, akanipeleka majini nimwonyeshe. Kisha akaniagiza nikanunue jaketi la kuokolea maisha. Nililinunua. Yeye hakuwa na lake, wala mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akifuatana nasi. Nami sikuuliza kwa nini.

Baada ya upo yalikuja maji yenyewe. Mtu wa bara huona bahari kama kitu kimoja kilichotandazwa, kumbe hubadilika chini ya miguu. Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na ushei. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji madogo hufikia kadiri ya mita 4, na mahali ulipopita asubuhi bila kufikiri huwa mwamba mkavu adhuhuri. Siku za maji mafu tofauti hupungua sana na mkondo hulegea. Hizo ndizo siku za mwanagenzi. Hali kadhalika pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi tangu Aprili hata karibu na Oktoba, nayo katikati ya majira yake huja na nguvu. Mzee hakunieleza hayo kwa mpango huu. Aliniuliza tu kila tulipofika ufukoni, “Mwalimu, leo maji yanakwenda wapi?” na nilipokosea tulikaa mchangani mpaka nipate jibu.

Jumamosi ya tano, mwezi wa Agosti, alinipa usukani. Tulikuwa katika maji yaliyo kati ya ufuko na kisiwa cha Mbudya. Alinieleza kwamba upepo ukija kwa ghafla, mkono wa kwanza uende kwenye demani, uilegeze, ili tanga limwage upepo. Usukani ufuate baadaye. Kijana alikuwa ameketi juu ya mrengu wa upande wa joshi, akiwa ndiye uzito wa kuizuia ngalawa isilale. Mzee akaniuliza, “Umeelewa?” Nikajibu, “Nimeelewa, Mzee wangu.”

Sikuwa nimeelewa. Sikujua ile kamba ilizungushwa mara ngapi kwenye mti wake, wala hufunguliwa kwa kuvutwa au kwa kusukumwa. Lakini mimi ni daktari wa lugha. Nimuulizeje mvuvi maana ya demani? Aibu hiyo ndogo, isiyozidi punje ya mchele, ndiyo iliyonifumba kinywa.

Upepo ulikuja. Mzee aliinuka karibu na mlingoti akapaza sauti, “Demani, Mwalimu! Demani!” Nami, msomaji, katika dakika hiyo niliziona nyumba zote tatu za neno lile, nikaingia ambayo siyo. Nilidhani anataka niuelekeze omo upande wa demani. Nikaugeuza, hali kamba imekazwa vilevile. Ngalawa ikalala, mrengu wa joshi ukainuka juu ya maji, na kijana akaanguka baharini nyuma yetu. Mzee aliruka akaikata ile kamba kwa kisu. Tulimrudia kijana baada ya muda ambao sikuupima. Alikuwa akiogelea kwa utulivu, wala hakuna alilonena alipopanda. Mimi ndimi niliyekuwa nimevaa jaketi.

Je, nilikuwa na hatia? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, asema kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpigaji kinanda kwa kupiga kinanda. Ikiwa ndivyo, kosa la mwanagenzi ni sehemu ya ufundi, wala haliwezi kuepukwa. Niliipokea hoja hiyo kwa furaha usiku ule, kwa kuwa ilinifariji. Lakini mwandishi huyohuyo, katika sehemu ya tatu ya kitabu hichohicho, ataja sheria iliyomwadhibu mlevi maradufu kwa kosa lake, kwa sababu kutokujua kwake kulitoka katika mikono yake mwenyewe. Hapo faraja yangu ilikatika. Kutojua kufungua kamba hakukuwa kosa langu, hakuna aliyenifundisha. Kusema “nimeelewa” kulikuwa kosa langu, na neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na bahari. Ningeweza kulisema darasani.

Mzee hakukubaliana nami. Alishikilia kwamba kosa ni lake, kwa kuwa mwalimu haulizi “umeelewa?” bali husema “nionyeshe”. Huenda ana haki; tangu siku hiyo nimelipunguza swali lile katika vipindi vyangu. Lakini sitaki anichukulie mzigo wote. Mwalimu hawezi kuona ndani ya kichwa cha mwanafunzi. Huona mlango tu, na mimi niliufunga.

Wako wasemao dawa ni mwanagenzi kujifunza peke yake, ili akizama azame mwenyewe. Maneno haya ni mazuri kwa anayeyatazama kutoka ufukoni. Mtu akipotea baharini, watu hutoka kumtafuta, na mara nyingi hutoka katika upepo uleule uliompoteza.

Tena kuna hali iliyo mbaya kuliko yangu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Ziwa Viktoria, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha hakuwamo chomboni, na usukani alikuwa ameachiwa mtu asiyefundishwa ipasavyo. Mimi nilikuwa na mzee hatua tatu mbele yangu na kisu kiunoni. Abiria wa kivuko hana mtu wa namna hiyo. Hupanda akiamini kwamba mkono ulio usukanini unajua, wala hana namna ya kuuonja ujuzi huo kabla ya safari. Nionavyo, mwanagenzi ana haki ya usukani pale tu uanagenzi wake unapojulikana na kila aliyemo, na anayejua amekaa mahali anapoweza kuufikia mkono wake. Kijana wa mrengu alijua mimi ni mgeni wa bahari. Asilojua ni kwamba nilikuwa nimesema uongo.

Nilimwambia baada ya juma moja, tukikokota ngalawa ufukoni. Alicheka, akasema, “Tulijua, Mwalimu,” akaendelea kukokota. Nilikuwa nimemletea jaketi. Hulivaa ninaposhika usukani mimi. Anaposhika babu yake hulivua, akalikalia.