Oili Ikikosa Njia ya Kurudi

Masomo: Luka 17:11-19; 1 Samweli 1:9-18



Wengi mmeuliza kwa nini pikapu ya kanisa ilisimama wiki mbili, hata mama mjamzito akapelekwa zahanati kwa baiskeli. Ilikuwa inavuja oili kwenye turbo. Wengine walisema turbo imekufa, tuchange tununue nyingine. Wengine walisema tuongeze oili kila asubuhi, gari liende tu. Fundi wetu alikataa yote mawili, akalala chini ya gari.

Turbo ni feni mbili juu ya shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Shafti hiyo yaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na bila oili haidumu. Oili inaingia kwa bomba jembamba, ikisukumwa na pampu. Lakini ikishafanya kazi yake inarudi sampu kwa bomba nene, na huko hakuna pampu. Inashuka yenyewe kwa uzito wake. Ndiyo maana bomba la kurudi lazima liwe pana na literemke vizuri, lisiwe na kona ya kupanda wala mahali pa kulegea ambapo oili itatuama.

Letu lilivuja kwenye gasketi ya juu, na matone yakaangukia ekzosi ya moto. Hivyo ndivyo magari huungua. Kumbe kuna mtu alikwisha kulitengeneza zamani kwa kupaka silikoni nyingi, nayo ikajikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Injini ilipopoa, fundi alifungua, akakwangua silikoni yote, akasafisha bomba mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Akaweka gasketi mpya, kavu, na mpira unaostahimili oili na joto, si ule wa maji. Tukasema amina, tukidhani amemaliza.

Akasema bado. Aliwasha injini, akalegeza kifuniko cha kujazia oili, hewa ikatoka kwa nguvu. Brida, ile njia ndogo ambayo injini hupumulia, ilikuwa imeziba kwa uchafu wa oili. Presha ikijaa ndani ya sampu, oili iliyoko juu haina pa kushukia. Inatuama ndani ya turbo na kutafuta njia ya pembeni: itatokea kwenye gasketi, au itapenya sili na kuungua, mkaona moshi wa bluu. Alisema hata tungebadilisha gasketi kumi, brida ikibaki imeziba zote zingevuja.

Ndugu zangu, habari ya wale wakoma kumi huhubiriwa mara nyingi kama fimbo: shukuruni, msiwe kama wale tisa. Mjane aliyezika watoto wawili njiani huambiwa, "Mama, shukuru, si uko hai?" Kijana ambaye jina lake limekaa miaka mingi kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu naye huambiwa ashukuru. Akinyamaza, watu husema ana moyo mgumu. Kwangu mimi hiyo ni silikoni.

Someni tena. Kabla ya shukrani kulikuwa na kelele. Wale kumi walisimama mbali wakapaza sauti, na Yesu hakuwanyamazisha. Yule mmoja aliyerudi, tena mgeni, Msamaria, hakusukumwa na mtu. Alirudi mwenyewe akaanguka miguuni pa Bwana.

Na Hana je? Wimbo wake wa furaha uko sura ya 2. Katika sura ya 1 analia, hali chakula, anamimina nafsi yake hekaluni hata kuhani Eli akadhani amelewa. Eli alikuwa mtumishi wa Mungu, lakini siku ile nusura azibe brida. Namheshimu kwa jambo moja: alipoelezwa, alisikia, akambariki. Hana akaenda zake akala, uso wake ukabadilika. Angalieni, mimba ilikuwa bado! Hakuna alichokuwa amepewa, ila amesikilizwa.

Tena Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado imo katika Biblia zetu.

Kwa hiyo, wazee na wamama wa huduma, mkiingia nyumba yenye msiba au yenye hasira, msianze na wimbo wa shukrani. Kaeni. Ulizeni waliacha nini kule nyumbani, nani alibaki. Mtu akitamka maneno makali juu ya Mungu, msimsahihishe siku hiyo.

Wababa, nasema nanyi pia. Presha isiyosemwa hutafuta njia ya pembeni, na hapa makazini tunaijua: pombe na ngumi. Sihalalishi ngumi. Oili juu ya ekzosi huchoma gari zima pamoja na waliomo. Mama anayepigwa aje kwa wazee usiku huohuo, mlango uko wazi, na hataambiwa arudi akavumilie.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni tutakaa chini ya mwembe, wababa upande mmoja, wamama upande mwingine. Hakutakuwa na mahubiri wala sadaka. Anayetaka kusema atasema, anayetaka kulia atalia. Njooni na vigoda vyenu, mabenchi hayatoshi.