Mvua Ilitukuta Mkunazini



Mwezi wa Aprili uliopita sisi walimu wastaafu wanne, tuliosoma pamoja Chuo cha Ualimu zaidi ya miaka arobaini iliyopita, tulivuka bahari kwenda Unguja kuutazama Mji Mkongwe. Tulionywa kuwa ni masika. Hatukusikia. Tuliposhuka bandarini mvua ilikuwa ikimwagika, na hata alasiri haikukatika. Beit el Ajaib tuliitazama kwa mbali tu, maana sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Ngome Kongwe tuliipita mbio. Vichochoroni maji yalikuwa vifundoni, tukawa twarukia baraza moja hata nyingine, mwavuli mmoja watu wawili, kila mtu akimlaumu mwenzake kwa kuchagua siku ile.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Hatukwenda kusali; tulikimbia mvua.

Kijana mmoja mtembeza wageni alitupa shikamoo, akatuzungusha. Mengi tulikuwa tumeyafundisha darasani bila kuyaona: kwamba hapo palikuwa soko la watumwa, kwamba Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga Juni 1873, kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana mwaka ule ule. Askofu Steere aliyelijenga amezikwa nyuma ya altare. Tulicheka tulipoonyeshwa nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati Askofu hayupo, naye akaziacha vivyo hivyo. (Mwalimu aliyepata kuliacha darasa nusu saa ataelewa.) Mbele ya altare, sakafuni, pana duara la marumaru. Hapo, tulivyoelezwa, ulisimama mti waliofungiwa watu wakachapwa. Tukanyamaza kidogo. Kisha tukaona njaa, tukaenda kutafuta urojo.

Bakuli zilipoletwa ndipo tulipogundua kuwa tuko watatu.

Wa nne tulimkuta uani, penye ukumbusho uliotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Ni shimo, na ndani yake wamesimama watu watano wa kuchongwa, minyororo shingoni. Maji ya mvua yalikuwa yametuama miguuni pao. Mwenzetu alisimama ukingoni, mwavuli ameufunga.

Hapa yatupasa kuungama. Chuoni tulimwita mwenzetu huyu Hanakwao. Kila mwanafunzi alijigamba kwa ukoo wake. Yeye, aliyetoka Masasi, akiulizwa ukoo alinyamaza. Basi tukampa jina hilo, naye akacheka pamoja nasi, tukaliandika hata kwenye kadi ya pongezi siku ya harusi yake. Tulidhani ni utani.

Alisema bila kugeuka: "Mlikuwa mkiniuliza kwetu ni wapi. Bibi yake baba alitekwa akiwa mtoto, kando ya Ziwa Nyasa. Aliuzwa hapa. Alipokombolewa, Misheni ilimlea Mbweni, na mwaka 1876 akafuata msafara wa Askofu Steere wa kuwarudisha watu makwao. Walifika Masasi, wakakaa papo. Jina la ukoo wake hakulikumbuka, alikuwa mdogo mno. Sasa ningewajibu nini?"

Hatukuwa na neno.

Ndugu zetu, tusomapo habari za Yusufu hupenda kujiweka upande wake. Lakini sura ya 37 ya Mwanzo ina jambo dogo tulilolipita miaka yote tuliyofundisha Dini: wale ndugu walipokwisha kumtupa shimoni waliketi wakala. Hata hasira haitajwi tena. Na sura ya 42 yatuonyesha kwamba kijana aliwasihi, wakamsikia wasimsikilize. Wakaja kulikumbuka neno hilo baada ya miaka mingi, wamesimama mbele yake huko Misri wasimtambue. Wale wafanyabiashara walimnunua, ndiyo, lakini waliomwuza walikuwa watoto wa baba yake.

Mmoja wetu, ambaye wazee wake husimulia kwa fahari misafara ya pembe iliyotoka kwao kwenda pwani, alishindwa kuinua uso. Pembe zile zilibebwa na nani? Waliozibeba walirudi wangapi?

Katika mtaa wetu huu wako watu tuliowapa majina ambayo tusingethubutu kuyataja mbele ya altare: mtoto aliyeokotwa, mama aliyehamia bila mume, fundi ambaye hakuna ajuaye kabila lake. Hucheka pamoja nasi tukitoka Misa. Nasi hupeana nao amani, kisha twaenda kunywa chai makundi makundi, wao wakibaki ukutani. Mhudumu wa kanisa asituambie hajaliona hilo. Twakaa naye meza moja.

Tulimwomba mwenzetu msamaha pale pale, mvuani, kwa maneno mabovu kuliko insha yoyote tuliyopata kuisahihisha. Hakusema ametusamehe, wala hatukuthubutu kumwuliza. Alifungua mwavuli wake, tukarudi bandarini.

Chomboni bahari ilichafuka, nasi tulikuwa tumelowa na njaa, maana urojo tuliuacha mezani. Yeye akafungua mfuko. Kumbe asubuhi, sisi tulipokuwa tukibishana juu ya mvua, alikuwa amenunua mikate ya ufuta. Ilikuwa minne. Alimpa kwanza yule wa misafara ya pembe.