Gesi Ikishafika Jikoni

Wajukuu zangu mnaofuga ng'ombe wa zizini huku migombani Kilimanjaro, mmejenga mitambo ya gesi ya samadi na moshi wa kuni umetoka jikoni. Nawapongeza. Ila nikizunguka nyuma ya banda naona tope linalotoka mtamboni limefurika shimoni, linateremka kuelekea mfongo, mfereji wetu wa maji.

Mtambo hauli mbolea. Gesi huchukua kaboni na hidrojeni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote hubaki kwenye tope. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imeshakuwa amonia, ambayo mgomba huipata upesi, na upesi huohuo hupaa tope likiachwa wazi juani. Harufu inayowachoma macho ndiyo mbolea yenyewe inaondoka. Sakafieni shimo, liezekeni, kisha tupieni humo majani makavu ya migomba na maganda ya maharage. Yatanyonya majimaji, nanyi mtapata mboji ya kubeba kwa karai. Tope jepesi huwatesa wake zenu kulibeba kwa ndoo. Wanaume hamlioni tatizo kwa kuwa hamlibebi.

Na shimo liwe kubwa. Piga hesabu: ng'ombe mmoja akitoa kilo 20 za mavi kwa siku, ukachanganya na maji kiasi hichohicho, ng'ombe wawili wanakuletea kama lita 80. Masika ya Machi hadi Mei ni zaidi ya lita 7,000, na miezi hiyo si ya kumwaga shambani, maana mvua italipeleka tope kwa jirani wa chini anayechota mfongo huohuo. Mwenye shimo dogo humwaga tu, hata akijua.

Hili nalisema kwa ukali: asiingie mtu ndani ya mtambo wala shimo lililofunikwa. Hewa ya humo hunuka yai viza, halafu pua hufa ganzi ukadhani imekwisha. Mmoja akianguka, wa pili asimfuate. Iteni watu, mvuteni kwa kamba mkiwa nje. Sigara na kibatari vikae mbali.

Mboga za kuliwa mbichi msizimwagie tope, kwani mayai ya minyoo hayafi yote mtamboni. Lipelekeni kwenye migomba na kahawa, jioni jua likishapoa, mlimwage kwenye vifereji kuzunguka shina na kufukia papo hapo.